Barua pepe ya kikoa chako imegoma: tatizo liko nyumba ipi?

Mtu akinipigia simu kwamba "email ya ofisi haifanyi kazi", swali langu la kwanza ni hili: zinazogoma ni barua zinazoingia au zinazotoka? Wengi hunyamaza kidogo, kisha husema "zote". Tukikaa na kujaribu, mara nyingi tunakuta ni upande mmoja tu. Kuingia na kutoka ni njia mbili tofauti. Kila moja ina rekodi zake na seva zake, na wakati mwingine nywila yake. Ukishajua upande ulioziba, nusu ya kazi imekwisha.

Kujaribu ni rahisi, ila kuna mtego. Usijitumie barua mwenyewe. Kama unasoma mauzo@mfano.co.tz ndani ya Gmail yako, halafu ukaandika kutoka Gmail hiyo hiyo kwenda mauzo@mfano.co.tz, barua itazunguka na kurudi, Gmail itaona ni ile ile iliyoko kwenye zilizotumwa, na haitaionyesha kama mpya kwenye kikasha. Utaapa kwamba haikufika, kumbe ilifika. Nimeona watu wakivuruga mipangilio mizima iliyokuwa sawa kwa sababu ya jaribio hili. Azima simu ya jirani, tuma kutoka anwani yake, kisha mjibu. Hapo umepima pande zote mbili.

Nyumba tatu

Anwani kama mauzo@mfano.co.tz, yenye kikoa chako (jina lako la mtandaoni, hapa mfano.co.tz), haikai mahali pamoja. Inakaa nyumba tatu, na kila nyumba inaweza kuwa na mwenyewe tofauti.

Ya kwanza ni ya msajili, yaani pale unapolipia jina kila mwaka. Majina yanayoishia .tz yana msimamizi wake wa kitaifa, yale ya .ke yanasimamiwa na KeNIC, lakini wewe unanunua kwa wakala aliyeidhinishwa. Ya pili ni seva za majina, zinazobeba rekodi za DNS. Hizi ndizo vibao vya barabarani: kibao kimoja kinasema tovuti iko wapi, kingine kinasema barua zipelekwe wapi. Ya tatu ni sanduku lenyewe unalolifungua kwenye kivinjari: Google Workspace, Zoho Mail, Roundcube iliyomo ndani ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na barua kwenye hosting, yaani kampuni inayohifadhi tovuti yako), au Gmail ya bure iliyopangwa itumie jina la kikoa chako.

Chukua daftari uandike nyumba zote tatu, nani ana nywila ya kila moja, na namba ya simu inayopokea msimbo wa kuthibitisha. Ukikuta msimbo unaenda kwa kijana aliyewatengenezea tovuti miaka minne iliyopita na hampatani naye tena, hilo ni tatizo la kushughulikia leo, hata kama barua zinafika vizuri.

Tovuti na barua zimekufa siku moja

Hapa usianze kuhangaika na sanduku. Vitu viwili vikizima pamoja, mara nyingi kosa liko nyumba ya kwanza au ya pili. Angalia kwanza tarehe ya mwisho ya kikoa kwa kutafuta jina lako kwenye huduma ya whois, inayoonyesha taarifa za usajili wa kikoa. Muda ukiwa umepita, lipia haraka, maana kikoa kilichoachwa kinaweza hatimaye kununuliwa na mtu mwingine, na atakayekichukua ataweza kupokea barua zinazotumwa kwa jina lako. Zikiwemo zile za "umesahau nywila?" za akaunti zote ulizofungua kwa anwani hiyo.

Mara nyingi taarifa ya kulipia ilitumwa, ila ilitumwa kwenye anwani ya kikoa hicho hicho, au kwa mfanyakazi aliyeondoka. Kwenye akaunti ya msajili weka anwani ya nje ya kikoa chako.

Barua ziliacha kuingia baada ya tovuti mpya

Hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote. Ofisi inaagiza tovuti mpya. Fundi anahamisha seva za majina ziende kwa kampuni anayoifahamu, tovuti inapendeza, wote wanafurahi. Barua zinakauka. Hakuna aliyegusa barua, lakini vibao vyote vilibaki kwenye nyumba ya zamani ambayo hakuna anayeipitia tena.

Fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike:

nslookup -type=ns mfano.co.tz

Jibu litakuonyesha seva za majina zinazosikilizwa na dunia kwa sasa. Kama zinaonyesha Cloudflare (kampuni nyingine inayotoa seva za majina), basi rekodi unazozihariri ndani ya cPanel hazisomwi na yeyote, hata ukizipanga kwa ustadi namna gani. Nimewahi kukaa saa tatu nzima nikihariri rekodi kwenye paneli isiyohusika, na tangu siku hiyo sigusi rekodi yoyote kabla ya kuendesha amri hii.

Kisha uliza kibao cha barua:

nslookup -type=mx mfano.co.tz

MX ndiyo rekodi inayosema barua za kikoa zipokewe wapi. Kwa Google Workspace siku hizi inatosha moja tu, smtp.google.com yenye kipaumbele 1. Kikoa cha zamani chenye zile tano zinazoanza na aspmx.l.google.com kinaendelea kufanya kazi, usikivunje. Kwa Zoho fuata majina yaliyoandikwa kwenye paneli yako ya usimamizi, kwa sababu yanategemea kituo cha data ulichosajiliwa.

Makosa ya kutafuta kwenye MX ni machache. La kwanza, rekodi ya zamani imeachwa kando ya mpya. Dalili yake inachanganya sana: barua za wengine zinafika, za wengine hazifiki, na leo ni tofauti na jana. Seva inayotuma huanza na namba ndogo ya kipaumbele, lakini mpya ikikawia kujibu, au namba zikilingana, barua itaenda kwenye sanduku la zamani na kukaa huko. Futa rekodi zote za zamani. La pili, MX imeelekezwa kwenye namba ya IP (anwani ya seva kwa tarakimu) badala ya jina, hairuhusiwi. La tatu ni nukta: kwenye paneli nyingine jina lisipoishia na nukta, mfumo huongeza kikoa chako mwishoni mwake, ukajikuta na smtp.google.com.mfano.co.tz, seva isiyokuwepo duniani.

Ukisharekebisha, subiri. Kila rekodi ina muda wake wa kukumbukwa, TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Ikiwa ni 14400, seva iliyouliza dakika moja kabla hujabadilisha itashikilia jibu la zamani kwa saa nne. Anayepanga kuhama kwa utaratibu hushusha TTL hadi 300 siku moja kabla.

Wa nje wanafika, wa fomu ya tovuti hawafiki

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kusini mwa Unguja alinieleza kwamba wageni wanalalamika hawajibiwi. Wakiandika moja kwa moja, anawapata. Wakijaza fomu ya kuulizia chumba kwenye tovuti yake, kimya. Alikuwa ameshahamia Google Workspace, MX zake safi kabisa, vipimo vyote vya nje vinapita.

Tatizo lilikuwa ndani ya cPanel, mahali panapoitwa "Email Routing". Seva ya tovuti ilikuwa bado inaamini kwamba yenyewe ndiyo mwenye barua za kikoa kile. Kwa hiyo fomu ilipotuma barua, seva haikwenda hata kuangalia MX. Iliitumbukiza kwenye sanduku lake la ndani. Tulipofungua lile sanduku kwa Roundcube tulikuta maombi ya vyumba ya miezi, mengine ya familia nzima. Nilikaa naye akiyasoma moja moja na sikuwa na la kumwambia.

Dawa ni kubadilisha mpangilio huo kutoka "Local Mail Exchanger" kwenda "Remote Mail Exchanger". Inachukua nusu dakika. Dalili nyingine ya ugonjwa huu ni kwamba wateja ambao tovuti zao ziko kwenye seva ileile na yako ndio pekee wanaolalamika, kwa sababu barua zao nazo haziendi nje. Usisahau kufungua sanduku la zamani uokoe yaliyomo kabla hujalifuta.

Mtumaji anarudishiwa barua

Mwombe akupigie picha ya ujumbe wote aliorudishiwa. Namba zilizomo zinasema mengi. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja. Inayoanza na 4 ni ya muda, seva ya mtumaji itarudia yenyewe.

550 5.1.1 maana yake sanduku hilo halipo: limeandikwa vibaya, halijaundwa, au mfanyakazi alifutwa na anwani yake haikukabidhiwa kwa mwingine. 5.2.2 au 4.2.2 maana yake limejaa. Kwa Gmail ya bure kumbuka GB 15 ni za Gmail, Drive na Picha kwa pamoja. Video za harusi zinaweza kuzuia oda za duka. Na kama kiambatisho kinazidi MB 25, Gmail haitakituma kama kiambatisho.

Gmail ya bure haichoti tena barua za kikoa

Wengi wetu tulizoea njia hii: sanduku liko kwa kampuni ya hosting, na Gmail inalichota kwa POP kila baada ya muda. Google ilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2026 inaacha kuchota barua za akaunti za nje kwa njia hiyo kwenye Gmail ya kivinjari. Kwa hiyo kama barua zako zilikuwa zinakuja kwa kuchotwa na sasa zimekatika, huenda hakuna kilichoharibika upande wako.

Njia zilizobaki ni tatu. Fungua sanduku lenyewe kwa Roundcube au webmail yake (ukurasa wake wa barua kwenye kivinjari). Au liongeze kwenye programu ya Gmail ya simu kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva), poti 993. Au kwenye hosting weka maelekezo kwamba kila barua ipelekwe Gmail. Hii ya tatu ni nyepesi lakini ina kasoro: barua ikipitia seva yako kwenda Gmail, Gmail inaona imetoka kwa seva isiyotambuliwa na mtumaji wa mwanzo, na baadhi huangukia taka au kukataliwa. Kwa biashara inayotegemea oda za barua pepe, mimi nasema lipia sanduku halisi. Gharama yake kwa mwezi haizidi hasara ya mteja mmoja aliyepotea.

Msimbo wa kuthibitisha haufiki, au nywila inakataliwa

Sasa tuje kwenye zinazotoka. Unapoiambia Gmail itume kwa jina la mauzo@mfano.co.tz, inatuma msimbo kwenye anwani hiyo ili ihakikishe ni yako. Usipofika, rudi kwenye sehemu za juu, maana kuingia kwenyewe hakujatengemaa. Huwezi kutengeneza kutoka kabla ya kuingia.

Gmail ikisema haiwezi kuunganishwa na seva, angalia mambo kwa mpangilio huu. Jina la mtumiaji liwe anwani nzima, si "mauzo" peke yake. Poti iwe 465 kwa SSL au 587 kwa TLS. Poti 25 achana nayo, ni ya seva kuzungumza na seva. Jina la seva lilingane na cheti chake cha usalama: mail.mfano.co.tz ikiwa na cheti cha kujitengenezea au cha jina lingine, Gmail itaikataa, na hapo tumia jina la seva walilokupa hosting. Kama unatumia Cloudflare, rekodi ya mail isiwe na lile wingu la rangi ya chungwa, kwa sababu Cloudflare hupitisha tovuti na si barua. Libonyeze liwe la kijivu.

Kosa la 535 ni nywila. Ukiwa umewasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye Google au Zoho, nywila yako ya kawaida haitakubaliwa na programu za nje. Tengeneza nywila ya programu, ambayo kwa Google ina herufi 16, uibandike badala yake. Usizime hatua mbili ili kurahisisha mambo. Tafadhali.

Barua zinatoka lakini zinaangukia taka

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, na mwishoni huwaambia wateja "angalia kwenye spamu". Mteja ataangalia mara moja tu.

Chanzo ni cha zamani. SMTP, lugha ambayo seva hutumia kutuma barua, ya mwaka 1982 haikuwa na njia ya kuthibitisha mtumaji; yeyote angeweza kuandika jina lolote kwenye "kutoka kwa", kama bahasha ya posta. SPF, DKIM na DMARC zilikuja baadaye kuziba tundu hilo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi (kwa Google ni barua 5,000 au zaidi kwa siku) awe na zote tatu. Hata ukituma kumi tu kwa siku, ziweke zote.

Anza kwa kuona hali ilivyo. Tuma barua kwenye Gmail ya mtu, aifungue, abonyeze nukta tatu pembeni achague "Show original". Juu kabisa ataona mistari mitatu: SPF, DKIM, DMARC, kila mmoja na PASS au FAIL. Usikisie kabla ya kuiona.

SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Kwa anayetumia Google Workspace pamoja na seva ya tovuti inayotuma fomu, inaweza kuwa hivi:

v=spf1 a include:_spf.google.com ~all

Kosa kubwa ni kuwa na mbili. Hosting iliweka yake, ukaja Google ukaongeza nyingine chini yake, ukadhani umeimarisha. Kikoa kinaruhusiwa SPF moja tu. Zikiwa mbili, anayepima anahesabu ni kosa na zote zinabatilika. Ziunganishe kwenye mstari mmoja. La pili, upekuzi wa DNS unaosababishwa na mstari huo hauruhusiwi kuzidi 10. Ukirundika include za kila huduma uliyowahi kujaribu, utavuka bila kujua.

DKIM ni saini. Huiandiki mwenyewe: sanduku lako linakupa ufunguo, unauweka kwenye DNS kama TXT (rekodi ya maandishi), kisha unarudi kubonyeza kitufe cha kuanza kusaini. Wengi husahau kitufe hicho. Rekodi ipo, saini haipo. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kupita herufi 255 za kipande kimoja cha TXT, na paneli nyingine huukata mkia kimyakimya. Linganisha herufi za mwisho.

DMARC inakaa kwenye _dmarc.mfano.co.tz na inauliza jambo ambalo wengi hawalijui: je, jina lililopita SPF au DKIM ni lile lile mteja analoliona kwenye "kutoka kwa"? Ndiyo maana Gmail ya bure iliyopangwa kutuma jina la kikoa chako kupitia smtp.gmail.com inaleta taabu. SPF inaonyesha PASS, lakini ni PASS ya gmail.com, si yako, kwa hiyo DMARC inafeli. Dawa ni kutumia seva ya SMTP ya hosting yako kwenye mpangilio ule, au kuhamia sanduku linalosaini kwa kikoa chako.

Anza na v=DMARC1; p=none (isizuie kitu) na anwani ya kupokea ripoti, soma ripoti kwa wiki chache, hakikisha kila huduma yako halali inapita, kisha panda hadi quarantine (zinazofeli ziende taka) na baadaye reject (zikataliwe). Usiruke moja kwa moja kwenye reject. Utazuia ankara zako mwenyewe.

Zote tatu zikipita na bado unaangukia taka, huenda seva ya hosting mnashirikiana na mtumaji wa hovyo na IP yenu imeingia kwenye orodha za watumaji taka kama za Spamhaus. Waombe hosting wakuhamishie IP nyingine.

Unarudishiwa barua ambazo hukuzituma

Fungua zilizotumwa. Kama hazimo, na vichwa vya barua (zile taarifa za "Show original") vinaonyesha seva usiyoijua, basi mtu anaghushi jina lako kwa nje. DMARC yenye reject itapunguza hilo sana. Kama zimo, au kama mteja anasema amepokea ankara yenye akaunti mpya ya benki, mtu yumo ndani. Kutobadilika kwa chochote kwenye kikasha si ushahidi kwamba uko salama, kwa sababu mara nyingi hatua ya kwanza ya mwizi ni kuweka kichujio kinachoficha majibu ya wateja.

Badilisha nywila kwenye kifaa kingine, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, futa nywila za programu zote, kisha pitia vichujio na maelekezo ya kupeleka barua kwingine, kimoja kimoja, kwenye webmail na kwenye cPanel pia. Halafu wapigie simu wateja wote wenye ankara ambazo hazijalipwa, kwa namba ulizonazo wewe tangu zamani na si zile zilizoandikwa kwenye barua, uwatajie akaunti sahihi ya benki. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla benki hazijafungwa.